Idadi ya Wanyaturu: Uhakiki wa Mafundisho ya Kupima Tovuti

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu nchini Tanzania aghalabu hufundishwa, pamoja na adabu za kunukuu, namna ya kutambua tovuti inayostahili kutegemewa katika uchunguzi. Mafundisho hayo yanafanana sana na orodha za maswali zilizotungwa na wakutubi wa Marekani, na iliyo mashuhuri katika hizo ni ile ya Sarah Blakeslee wa chuo kikuu cha jimbo la California kilichoko Chico, ya mwaka 2004. Mwanafunzi hutakiwa aulize: habari hizi ni za lini? Zinahusu kazi yangu? Nani aliyeziandika? Ni sahihi? Zimeandikwa kwa makusudi gani? Maswali yenyewe si mabaya. Lakini yote humfanya mtu autazame ukurasa usoni tu, mithili ya mnunuzi wa kuku wa Singida anayesifu manyoya asipapase kidari.

Chukua mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya Kinyaturu, naye ataka kujua wasemaji wake ni wangapi. Atafungua ukurasa na kukuta tarakimu iliyozidi laki tano, pamoja na mwaka, rejeo, na lugha safi isiyo na matangazo ya biashara. Akiupima kwa maswali yale matano, ukurasa utafaulu. Katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, makala nyingi za lugha za Tanzania husema kwamba idadi ya wasemaji “imehesabiwa” kuwa kadha wa kadha. Sasa na iulizwe: imehesabiwa na nani? Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila la mtu ilikuwa ya mwaka 1967. Sensa ya 2012 ilipata watu 1,370,637 katika mkoa wa Singida, na ile ya 2022 ikapata 2,008,058. Lakini katika hesabu hizo Mnyaturu, Mnyiramba, Mnyisanzu, Mgogo na Msukuma wote ni wakazi tu wa mkoa, wala hakuna aliyeulizwa asema lugha gani nyumbani kwake. Basi kila tarakimu ya wasemaji wa Kinyaturu ni makadirio, hata ikiwa ni makadirio mema. Kukadiria si kuhesabu, na kitenzi kimoja kilichochaguliwa bila uangalifu kimeyapa makadirio heshima ya sensa. Ajabu ni kwamba orodha ya Chico haina swali hata moja linalomwelekeza mwanafunzi kwenye kitenzi.

Wapo waliokwisha kuona upungufu wa orodha. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford, katika uchunguzi waliouandika mwaka 2017, waliwapa tovuti za kupima wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wahakiki walishinda, nao hawakukawia kwenye ukurasa. Waliuacha upesi wakaenda kutafuta wengine wanasema nini juu yake. Njia hiyo ni bora kuliko ya orodha, na inafaa kufundishwa. Hata hivyo ilijaribiwa juu ya mambo ambayo watu wengi, wasiotegemeana, wameyaandika. Mwenye kuchunguza Kinyaturu akienda kwa jirani atakuta jirani naye kaazima. Kurasa kumi zikisema mamoja, yamkini shahidi ni mmoja aliyenakiliwa mara kumi.

Wanafunzi wa Kiswahili, kwa bahati, wanao ujuzi wa kutatua jambo hili, kwa kuwa wahariri wa tendi wamelishughulikia zamani. Mhariri anayelinganisha miswada hajali wingi wa nakala. Hutafuta kosa wanaloshirikiana. Miswada miwili yenye pengo lile lile katika ubeti ule ule huhesabiwa kuwa imetoka mahali pamoja. Kadhalika tovuti: tarakimu ile ile ya mviringo, tahajia ile ile iliyopotoka, neno lile lile la ajabu, ni alama za kunakiliwa. Haielekei kwamba elimu hii ifundishwe katika somo la fasihi, kisha isahauliwe mlango wa pili mwanafunzi anapofunguliwa kompyuta.

Majina nayo yana mitego yake. Waandishi wengi wa Kiingereza huwaita Wanyaturu “Turu”, na lugha yao huiita Rimi, kwa kuwa wenyewe hujiita Warimi. Ndivyo alivyofanya Howard Olson katika uchambuzi wake wa sauti na maumbo ya lugha hiyo, uliochapishwa mwaka 1964. Lakini “Wataturu” ni watu wengine kabisa: ni Wadatoga, ambao lugha yao si ya Kibantu. Mwanafunzi asiyejua hayo ataunganisha mifugo ya hawa na vitenzi vya wale, kila ukurasa alioutumia ukiwa sahihi kwa upande wake.

Swali la tarehe nalo halitoshi. Kihadzabe, kisemwacho kandokando ya ziwa Eyasi, hata katika wilaya ya Mkalama, kilitiwa na Joseph Greenberg mwaka 1963 katika jamii ya Kikhoisani. Bonny Sands aliutilia shaka ushahidi wa jamii hiyo katika kitabu cha mwaka 1998, na leo wataalamu wengi wanakitenga kama lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Lakini ukurasa ulioandikwa mwaka jana unaweza kubeba fikra za 1963, na tarehe yake mpya ikamdanganya msomaji zaidi kuliko ambavyo ingalimdanganya ya zamani.

Hasara ya haya haikomi kwenye alama za mtihani. Tasnifu zikishakubaliwa huwekwa katika hazina za mtandaoni za vyuo, na tarakimu iliyokuwa ya kubahatisha hupata anwani ya chuo kikuu, ikarudi kunukuliwa na ukurasa ule ule ilikochotwa. Zoezi moja lingefaa kuliko mihadhara mitatu juu ya tovuti: mwanafunzi apewe tarakimu moja ya wasemaji wa Kinyaturu, aifuate nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa mtu wa kwanza aliyeitaja, kisha aende Ilongero au Ikungi asikilize watoto wanacheza kwa lugha gani.