Fundi wa Joto Katika Baridi ya Maine

Fundi anayefunga AC Mombasa au Dar es Salaam akipelekwa leo Lewiston, mji wa jimbo la Maine kaskazini-mashariki mwa Marekani, ataitambua mara moja mashine iliyosimama nje ya nyumba za mbao. Ni kompresa ileile, feni ileile, mabomba mawili ya shaba yaliyovikwa sponji, na gesi inayozunguka kati ya nje na ndani. Kilichogeuka ni mwelekeo. Pwani, mashine hiyo hutoa joto chumbani na kulitupa nje. Lewiston, mwezi wa Januari, huchota joto nje na kulileta sebuleni. Watu hushangaa ni joto gani lililoko nje wakati barafu imeziba vioo vya madirisha. Lipo. Gesi iliyomo mabombani, ikiwa katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, huchemka kwenye nyuzi 50 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri una joto la kutosha kuichemsha. Kompresa huukandamiza mvuke huo, nao hupanda joto, na joto hilo ndilo linalopulizwa ndani.

Maine panafaa kwa kuitazama kazi hii, kwa sababu kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya nyumba za huko zimepashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori, na bei ya mafuta hayo huumiza. Mwaka 2019 Gavana Janet Mills aliweka lengo la kufunga 100,000 ya mashine hizi, ziitwazo pampu za joto, kufikia 2025. Lilitimia 2023, likawekwa jingine la pampu 175,000 zaidi. Lewiston na Portland, ambako siku hizi utasikia Kiswahili cha Wakongo na Warundi madukani na makanisani, mazungumzo kuhusu pampu hizi huanzia kwenye bei. Kifaa kimoja cha nje chenye kichwa kimoja cha ndani kwa kawaida hugharimu kati ya dola 4,000 na 6,000 hadi kiwe ukutani kinafanya kazi. Nyumba nzima inaweza kupita dola 15,000. Mtu anayeliona sanduku lenyewe likiuzwa mtandaoni kwa sehemu tu ya fedha hizo huhisi anapunjwa. Mimi naamini sehemu yenye thamani kubwa zaidi katika bei hiyo ni ile isiyoonekana kazi ikishakwisha.

Kazi huanza kwa kupima, na fundi mzuri siku ya kwanza hateremshi hata chombo kimoja cha kutobolea ukuta. Anapima madirisha, anapanda darini kuona unene wa matandiko ya kuzuia joto, anashuka chini ya nyumba kutafuta upepo unakopenyea. Kisha anakokotoa ni joto kiasi gani nyumba hiyo hupoteza kwa saa katika usiku wa baridi kali. Utaratibu wa hesabu hiyo umo katika mwongozo unaoitwa Manual J, na mwenye haraka huuruka: huangalia ukubwa wa boila ya zamani ya mafuta, akaongeza kidogo ili asije akalaumiwa. Boila nyingi za zamani zilikuwa kubwa kupita mahitaji tangu siku zilipofungwa. Pampu iliyozidi ukubwa huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, ikila umeme bure na kuichosha kompresa; iliyopimwa sawasawa huenda polepole usiku kucha. Nyumba za ghorofa za Lewiston, nyingi zikiwa za enzi ya viwanda vya nguo, hazifanani hata zinapopakana. Moja imezibwa vizuri, jirani yake inapitisha upepo kila pembe. Anayezifungia zote mashine ya ukubwa mmoja hajazitazama.

Baada ya vipimo kuna mdomo wa bomba, na hapa msomaji asogee karibu. Bomba la shaba hukatwa kwa kikata chenye gurudumu, kinachozungushwa taratibu na kukazwa kidogo kila mzunguko, maana kikikazwa kwa pupa bomba hubonyea. Ukingo wa ndani hubaki na makali. Fundi huyakwangua akiwa ameuelekeza mdomo chini, ili chembe za shaba zidondoke sakafuni badala ya kusafiri hadi kwenye kompresa. Nati huvishwa kwanza, ndipo mdomo hupanuliwa kwa koni kwa pembe ya nyuzi 45. Halafu anautazama. Anauzungusha kwenye mwanga akitafuta mkwaruzo, ufa mwembamba, au upande uliopanuka kuliko mwingine, na akiuona anakata inchi moja na kuanza upya bila kunung'unika. Anapaka tone la mafuta ili nati iteleze bila kuisokota shaba. Kukaza nako hakuachiwi nguvu za mkono: ipo spana yenye kipimo, inayoalika inapofika. Nati iliyolegea huvuja. Iliyokazwa kupita kiasi huudhoofisha mdomo wa shaba, ambao utavuja baadaye, pengine katikati ya theluji, fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Maungio yakishakazwa, bomba hujazwa naitrojeni kavu hadi mgandamizo wa psi 500 hivi na kuachwa. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye kila ungio na kuangalia kama kuna kiputo kinachovimba. Anaandika pia hali ya hewa, jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Naitrojeni hunywea ikipoa: bomba lililojazwa mchana wa nyuzi 10 litaonyesha upungufu wa karibu psi 27 usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri, bila tundu lolote. Asiyejua hilo atahangaika kutafuta uvujaji usiokuwepo, au, kibaya zaidi, atazoea kuusamehe upungufu wa kweli.

Inafuata hatua ninayoiheshimu kuliko zote. Ndani ya mabomba kuna hewa, na ndani ya hewa kuna maji. Mafuta yanayolainisha kompresa huyanyonya maji hayo kwa ulafi, na kadiri mashine inavyopata moto asidi hutengenezwa na kuanza kula nyaya za mota. Kwa hiyo fundi hufunga pampu ya vakyumu na kunyonya kila kitu. Hewa ya kawaida ina mgandamizo wa mikroni 760,000. Yeye anataka kushuka chini ya 500. Ikifika hapo, hata barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri hugeuka mvuke na kuvutwa nje. Lakini hugeuka polepole, na baridi ya Maine huifanya polepole zaidi, hivyo wengine huyapasha mabomba moto au kupuliza tena naitrojeni katikati ya kazi ili ibebe unyevu uliobaki. Geji ikishaonyesha namba anayoitaka, bado hajamaliza. Anafunga valvu, anazima pampu, anasubiri. Namba ikipanda kidogo na kutulia, kuna unyevu uliosalia. Ikipanda bila kusimama, kuna mahali panavuja. Ikikaa, ndipo gesi hufunguliwa.

Nilimsikia mama mmoja mwenye nyumba akimwuliza fundi kijana, Mkongo mwenzake, "Mwanangu, mbona umekaa tu?" Akamjibu, "Mama, naisubiri namba." Mama akaenda kumletea chai. Hakuna kitu kinachoonekana katika nusu saa ile, na inalipiwa kama nusu saa nyingine yoyote. Njia ya mkato inajulikana kote duniani, pwani yetu ikiwemo: acha gesi kidogo ipulize hewa nje, funga, ondoka. Marekani sheria inaikataza, na anayeshika gesi hizo lazima awe na cheti kinachotambuliwa na serikali, kwa sababu gesi iliyotawala muda mrefu, R-410A, hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi. Gesi mpya zilizoanza kuichukulia nafasi mwaka 2025 zina madhara madogo kuliko hiyo, ila zinaweza kushika moto, nazo zinadai utulivu uleule.

Nje, theluji ina ujuzi wake. Kifaa hakiwekwi chini ardhini kama kwetu; hupandishwa juu ya stendi, futi moja na nusu au mbili, ili kifusi cha theluji kisizibe mapafu yake. Hakikai chini ya ukingo wa paa panapodondoka maji. Hakikai karibu na ngazi za mlangoni, kwa kuwa mara kwa mara mashine hujigeuza kwa dakika chache na kuyeyusha barafu iliyoishika, na maji hayo yakitiririka njiani huganda na kumwangusha bibi wa nyumba. Barafu nyingi zaidi haitokani na baridi kali, ambayo huwa kavu, bali na siku za nyuzi sifuri zenye unyevu.

Sasa turudi kwenye fedha. Galoni moja ya mafuta ikichomwa kwenye boila yenye ufanisi wa asilimia 85 hutoa joto la uniti (kilowati-saa) 34 hivi. Pampu iliyofungwa vizuri, inayotoa wastani wa uniti 2.7 za joto kwa kila uniti ya umeme, hulitoa joto hilohilo kwa uniti 13. Ikiwa umeme ni senti 25 kwa uniti, hiyo ni dola 3.25. Pampu ileile ikipungukiwa gesi, au ikiwa kubwa mno, ikashuka hadi mara 2 tu, itahitaji uniti 17, yaani dola 4.25. Tofauti hiyo hujirudia kwa kila galoni, na familia ya Maine huchoma mamia ya galoni kwa msimu. Hapo, ukilinganisha na bei ya galoni, ndipo huamuliwa kama pampu itaokoa fedha au itazimeza.

Ruzuku ya jimbo kupitia taasisi ya Efficiency Maine iliwahi kufika hadi dola 8,000 kwa familia ya kipato cha chini inayopasha nyumba nzima. Nafuu ya kodi ya shirikisho, asilimia 30 isiyozidi dola 2,000, ilikoma mwisho wa 2025, na nahofia kwamba pengo hilo litajazwa kwa kupunguza saa za fundi. Kwa hiyo ukipata makadirio matatu na moja likawa chini sana, mwulize mwenye makadirio hayo: nyumba utaipima? Naitrojeni utaiacha kwa muda gani? Nitaiona geji ya mikroni baada ya pampu kuzimwa? Fundi anayeijali kazi yake hufurahi kuulizwa hivyo. Wengine wana picha za geji hizo kwenye simu, nyumba baada ya nyumba, na watakuonyesha kabla hujamaliza swali.