Fumbo na Ufumbuzi: Lyric Suite ya Alban Berg Ikiimbwa

Mwaka 1925 Alban Berg, mtunzi wa muziki wa Vienna, alikaribishwa Prague nyumbani kwa Herbert Fuchs-Robettin, akampenda Hanna, mke wa mwenyeji wake. Mapenzi hayo yasiyoweza kutangazwa yalizaa Lyric Suite, utungo wa sehemu sita kwa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Ulikamilika mwaka 1926, ukapigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna mwezi wa Januari 1927 na kikundi cha Rudolf Kolisch. Wasikilizaji wa siku hiyo walisikia muziki mtupu, usio na neno.

Maneno, hata hivyo, yalikuwemo. Katika Kijerumani noti huitwa kwa herufi. Berg alichukua A na B za jina lake, akaziunga na H na F za jina la Hanna Fuchs, na noti hizo nne zinarudi tena na tena katika utungo. Ndani ya sehemu ya sita alificha shairi la Baudelaire, De profundis clamavi, katika tafsiri ya Stefan George. Siri hizo alizieleza kwa rangi mbalimbali katika nakala aliyompa Hanna. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua: mwaka 1977 George Perle, mtaalamu wa Marekani, aliipata nakala hiyo.

Rekodi ya Kronos Quartet, iliyotolewa na Nonesuch mwaka 2003, inajengwa juu ya ugunduzi huo: katika sehemu ya mwisho Dawn Upshaw analiimba shairi lililofichwa. Swali linalozuka ni la lugha kama lilivyo la muziki. Matini halisi ni ipi: iliyochapishwa kwa ajili ya wote, au iliyoandikiwa mtu mmoja?

Umahiri wa wapigaji hauna shaka. Sehemu ya tatu, ambamo sauti za ala zimefifishwa kwa vizibo, inapita kama minong'ono ya watu wanaoogopa kusikiwa. Upshaw naye anaimba kwa kujizuia. Lakini katika utungo ule usio na mwimbaji, mstari wa shairi unahama kutoka ala moja hadi nyingine. Hapa sauti inaukusanya katika kinywa kimoja. Sikio linamfuata mwimbaji, na ala zinageuka wasindikizaji.

Yaweza kujibiwa kwamba Berg mwenyewe ndiye aliyeandika maneno, hivyo kuyaimba si kumsaliti. Hoja hiyo ina uzito, ila kuandika si kutangaza. Afumbaye hafichi maana tu. Huchagua pia nani aelewe, na nani aguswe na sauti bila kuelewa. Fumbo likifumbuliwa, maana hupatikana na uchaguzi huo hupotea.

Mwishoni ala zinanyamaza moja baada ya nyingine, hadi viola inabaki peke yake ikipishanisha noti mbili na kufifia. Hapo neno lolote lingekuwa ziada. Kwa hiyo rekodi hii yafaa isikilizwe baada ya kuuzoea utungo usio na maneno, kama vile ufafanuzi usomwavyo baada ya shairi, wala si badala yake.