Baklawa ya Tlawi: Tabaka, Samli na Shira

Baklawa, andazi la tabaka ambalo Wagiriki hulihesabu kuwa lao na Waturuki nao wakalidai kwa hoja zisizopungua nguvu, limetajwa katika madaftari ya jiko la kasri la Topkapı, Istanbul, tangu mwaka 1473; walakini mtu aliye Tlawi, katika nyanda za Mbulu zilizozidi mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hana haja ya kungojea manda, yaani zile karatasi nyembamba za unga, ziletwe zimegandishwa kutoka Arusha, kwa kuwa sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika sanaa hii, nayo ni kuupata unga mwembamba hata ukakaribia kupenyeza nuru, ilikwisha kufumbuliwa zamani na wanawake wa pwani wapikao sambusa, na maarifa yao yamekwisha kufika bara pamoja na sambusa yenyewe.

Mpishi wa manda hasukumi donge moja moja. Huvisukuma vidonge mpaka vikawa na upana wa kiganja, akavipaka mafuta, akavinyunyizia unga, akavibebanisha vinne au vitano, ndipo akavisukuma vyote kwa pamoja, maana unga ulio katikati ya rundo hauna pa kushikia, wala hauguswi na msukumio, basi hutanuka bila kuraruka. Hikima hiyo ndiyo wanayoitumia wanawake wa Uturuki majumbani mwao, ila kwa tofauti mbili zenye uzito: baina ya manda na manda hawatii mafuta bali wanga mkavu, tena hawalipitishi rundo juu ya chuma cha chapati kama afanyavyo mpishi wa manda. Tofauti hii ya pili si ya mapendeleo tu. Manda iliyokwisha kuona moto wa chuma imeganda uso wake na imepoteza sehemu ya maji yake, na maji hayo, yanapogeuka mvuke ndani ya jiko, ndiyo yanayoinua tabaka. Kwa hiyo baklawa ya manda zilizochomwa huwa ngumu ya kukatika, ilhali ile ya manda mbichi huvunjika kwa wepesi mdomoni.

Kwa sinia la duara lenye upana wa sentimita 30 yatosha nusu kilo ya unga wa ngano, ule ule wa chapati, pamoja na chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maji ya ndimu kijiko kimoja, na maji yapatayo robo lita. Ndimu huulegeza unga usijikunje unaposukumwa. Na baada ya kukandwa dakika kumi hivi, donge lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu muda wa saa nzima, na asiye na subira ya saa hiyo ataona manda zake zikirudi nyuma kila anapoinua msukumio. Donge hukatwa vidonge 24, vikafanywa marundo matatu ya vinane vinane, na kati ya kidonge na kidonge hunyunyizwa wanga wa mahindi, wala si unga wa sembe, ambao chembe zake ni kubwa na hutoboa. Fauka ya hayo, upepo wa kipupwe katika nyanda za Mbulu ni mkavu, na manda iliyoachwa wazi huanza kupasuka kingo mara moja. Basi rundo lisilosukumwa na lifunikwe daima.

Katika mafuta mkaazi wa Tlawi amejaliwa kuliko mtu wa mjini, maana Wairaqw, wenyeji wa nyanda hizi, ni wafugaji na samli ya ng'ombe si kitu cha kutafutwa mbali. Siagi ya dukani ina maji yapatayo asilimia 16, pamoja na mabaki ya maziwa. Maji hugandamanisha manda, na mabaki huungua kabla ya tabaka za ndani kuiva. Samli safi haina ila hizo mbili, nami naiweka mbele ya siagi yoyote, hata ile isifiwayo kwa kutoka ng'ambo. Jozi za Wagiriki hazipatikani. Korosho na karanga, zikikaangwa kidogo na kutwangwa ziwe chenga wala si unga, zikatiwa mdalasini, hutimiza kazi yake.

Upangaji hauna siri: manda nane chini, nusu ya karanga, manda nane tena, karanga zilizobaki, kisha nane za juu, kila moja ikipakwa samli. Wagiriki wengi husimulia kwamba manda zapasa kuwa 33 kwa idadi ya miaka ya Yesu duniani, nasi twaiheshimu itikadi hiyo bila kulazimika kuifuata. La lazima ni kukata vipande vya mshazari mpaka chini kabla ya kuoka, maana manda iliyokauka husagika chini ya kisu, na bila mikato shira haina njia. Katikati ya kila kipande Wagiriki huchomeka karafuu moja.

Asiye na tanuri ataoka kwa moto wa juu na chini: sinia huwekwa ndani ya sufuria pana juu ya vijiwe, lisiguse kitako, makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko, kwa muda wa saa moja, moto ukiwa wa kiasi. Rangi ya juu hudanganya; kipande cha pembeni na kiinuliwe, kikionekana cheupe chini, kazi haijaisha.

Penye shira ndipo mwinuko wa nchi unapodai haki yake. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100, ya Tlawi kwa 94 hivi, basi anayesoma katika kitabu cha upishi kwamba shira itolewe motoni ikifika nyuzi 104, akaifikisha huko akiwa Tlawi, atakuwa amekausha maji mengi mno, na shira yake itakuwa nzito na kurudi chenga za sukari. Kipimo cha kweli ni nyuzi nne juu ya mchemko wa mahali ulipo, yaani 98. Na asiye na kipimajoto adondoshe tone juu ya sahani baridi, lisipotawanyika imetosha. Sukari vikombe viwili, maji kimoja, ndimu kidogo ili sukari isigande, na asali nusu kikombe ikitiwa baada ya kuepua, maana asali ya mizinga ya Mbulu, au ile ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, ikichemshwa hupoteza harufu ambayo kwayo tuliitafuta.

Wakati wa kumimina, shira iwe baridi na baklawa iwe ya moto, ndipo manda zitakapoinywa bila kutota. Vyote viwili vikiwa vya moto, mvuke hulegeza kila kitu. Kisha iachwe wazi usiku kucha. Mama auzaye sambusa sokoni Dongobesh tayari anaijua nusu iliyo ngumu ya kazi hii. Namwomba aijaribu, aanze na rundo moja la manda nane, na samli ya nyumbani kwake.