Si kila kipigio ni raketi

Mtangazaji mmoja wa redio aliniacha kinywa wazi majuzi. Akisimulia mechi ya tenisi ya meza, alisema kwamba mchezaji ‘amebadilisha maraketi kwa sababu nyuzi zimelegea’. Nyuzi gani tena, jamani?

Kifaa cha tenisi ya meza hakina hata uzi mmoja. Ni kibao ambacho kwa kawaida hubandikwa raba pande zote mbili. Kanuni za mchezo zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao chenyewe iwe mbao asilia, na upande mmoja uwe mweusi, wa pili uwe na rangi nyingine ya kung’aa. Rangi hizo si urembo. Raba za pande hizo mbili zaweza kuuzungusha mpira kwa namna tofauti kabisa, na mpinzani anastahili kuona ni upi umeugonga. Sasa msikilizaji aliyetajiwa nyuzi atayaona haya yote vipi akilini?

Raketi hasa ni fremu yenye mpini na wavu wa nyuzi zilizokazwa. Hiyo ndiyo ya tenisi, skwoshi na mpira wa vinyoya. Hata hapo hazilingani: ya tenisi haipaswi kuzidi urefu wa sentimita 73.7, ya vinyoya sentimita 68. Hii ya pili ni nyepesi mno, kwani kinachopigwa hata si mpira, ni manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo.

Nitaambiwa kwamba kanuni za Kiingereza za tenisi ya meza hukiita kifaa hicho raketi vilevile. Ni kweli. Lakini kwani lazima turithi hata ulegevu wa Kiingereza? Sisi tunalo neno kibao, na ukilitaja tu, mtoto wa darasa la tatu anaona ubao bapa, hatafuti nyuzi.

Sipingi kukopa. Raketi limekwisha kuwa neno letu, na ndiyo maana lina ngeli yake, I-ZI: raketi hii imekatika uzi, raketi hizi zimekatika nyuzi. ‘Maraketi’ ni ya mtaani. Huko yaacheni yatambe, ila studioni, hapana.

Mpira wa magongo umepata jina lake kutokana na gongo, na bado sijamsikia mtangazaji yeyote akitaja raketi ya hoki.