Reseti ya saa tatu asubuhi

Mliokuwa kwenye foleni ya fundi simu Jumanne ile, 23 Machi 2021, mliona wenyewe, na msiokuwepo nawasimulia. Simu ya mama mmoja haikustahili reseti. Fundi aliipokea, akafungua Gmail ikajifunga, akafungua mchezo wa karata nao ukajifunga, akaguna, akaizima. Kisha vidole viwili vikashuka: kimoja kwenye batani ya kuwashia, kingine kwenye ya kuongeza sauti.

Turudishe picha hapo, polepole. Menyu ya Programu haijafunguliwa hata mara moja. Mama hajaulizwa tatizo limeanza lini, na jibu alikuwa nalo: alilala simu ikiwa nzima, kwani wiki ile ya maombolezo ya Rais Magufuli nani hakulala na simu mkononi, alfajiri akaamka kila kitu kinajitoa. Na juu ya meza ileile, karibu na kiwiko cha fundi, zimelala simu nyingine mbili za kampuni tofauti, zimeletwa asubuhi hiyohiyo na ugonjwa huohuo. Simu tatu, wenyewe watatu wasiojuana, usiku mmoja. Hata mpiga ramli angeshtuka.

Fundi hakushtuka. Alisema, "Mama yangu, hii imekula virusi, tunaisafisha." Menyu nyeusi ya rikava ikafunguka, akashuka hadi kwenye mstari wa kufuta data zote. Sasa, rikava ni ya kistaarabu kuliko mafundi wengi: inauliza mara ya pili kama kweli unataka. Hapo ndipo nilipotia mdomo. Nikasema, "Fundi, hebu ngoja kwanza." Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, hii ndiyo kazi yetu." Akabonyeza ndiyo.

Nilitaja mara ya pili kwa makusudi. Kosa la kwanza linaweza kuwa la mazoea, mkono umezoea njia. Lakini unapoulizwa tena, mtu amekuomba usubiri, na mwenye simu yuko mbele yako hajaulizwa kama ana nakala ya chochote, hapo unakuwa umeamua. Simu ilikuwa inawaka, skrini nzima, chaji asilimia sitini na kitu. Kebo ya data ilikuwa shingoni mwa fundi mwenyewe, kama stethoskopu ya daktari. Kuichomeka kwenye kompyuta na kunakili picha kungechukua dakika kumi. Yule mama ni mweka hazina wa kikoba, na kurasa za daftari za miezi minane alikuwa amezipiga picha zikakaa humo.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kwa kifupi, maana wasomaji wa safu hii hawahitaji darasa. Programu ya barua pepe na mchezo wa karata vina undugu gani? Havikutengenezwa na mtu mmoja, havifanyi kazi moja. Vinachoshiriki ni WebView, kile kipande cha mfumo ambacho programu hukitumia kuonyesha ukurasa wa wavuti bila kukupeleka kwenye kivinjari: barua iliyopambwa, fomu ya kuingilia, tangazo chini ya karata. WebView hufanya kazi ndani ya programu iliyoiita, hivyo ikianguka huanguka na mwenyeji wake. Jina linaloandikwa kwenye skrini ni la mwenyeji. Ndiyo maana asubuhi ile watu walikuwa wanafuta keshi ya Gmail kana kwamba Gmail ndiyo mgonjwa, wakarudia, wakairudishia upya, na ikaendelea kuanguka.

Google wenyewe wamekiri: hitilafu ilikuwa kwenye teknolojia ya majaribio na usanidi ya Chrome na WebView. Walitoa toleo la tiba upesi, 89.0.4389.105, kwa Chrome na kwa WebView. Kabla ya hapo njia ya muda ilikuwa imeshasambaa, hata Samsung wa Marekani waliwaelekeza wateja wao: Mipangilio, Programu, onyesha za mfumo, tafuta Android System WebView, ondoa masasisho, zima na uwashe. Dakika mbili, na hakuna picha hata moja inayopotea.

Ila kuna mtego, na hapa namtetea fundi kidogo. Simu ya mama ilikuwa Android 9. Kuanzia toleo la 7 hadi la 9, kazi ya WebView ilibebwa na Chrome. Ile WebView yenyewe utaiona kwenye orodha, lakini imelala, imezimwa. Ilirudishiwa kazi yake kuanzia toleo la 10. Kwa hiyo aliyefuata maelekezo yale neno kwa neno kwenye simu ya yule mama asingeona badiliko lolote. Ilimpasa aondoe masasisho ya Chrome. Fundi angehangaika hapo nusu saa akashindwa, ningeandika safu nyingine kabisa, ya pongezi. Hakufika hapo. Hakufika hata kwenye seifu modi, ambayo ingemwonyesha kwamba Gmail inaanguka hata programu za kupakuliwa zikiwa zimefungiwa nje, na kwamba virusi alivyovitaja havipo.

Baya zaidi ni kwamba reseti ilifanya kazi. Simu iliwaka safi, hakuna kilichojitoa. Lakini ilifanya kazi kwa nini? Kwa sababu kufuta data zote hurudisha programu za mfumo kwenye toleo zilizotoka nalo kiwandani, Chrome ikiwemo. Yaani katika uharibifu ule wote lilikuwemo tendo moja sahihi, kuondoa masasisho ya Chrome, nalo limefanyika bila fundi kujua. Ameng'oa mlango, ukuta na paa, na funguo ikadondoka. Na kesho atamwambia mwanafunzi wake kwamba programu zikijitoa, dawa ni reseti, na ushahidi anao.

Wanaonisoma wanajua nina kinyongo cha siku nyingi na hii dawa moja. Zamani ilikuwa "chomoa betri". Betri zilipofungiwa ndani, ikaja "pakua kisafishaji", zile programu za kuongeza kasi ambazo hazijawahi kuongeza chochote isipokuwa matangazo. Nimezisema humu hadi mhariri akaniomba nipumzike. Sasa ni reseti. Jina hubadilika, lakini uvivu wa kuuliza ni uleule.

Nilikulia Tanga, na pale Ngamiani kulikuwa na mzee fundi redio ambaye hakugusa bisibisi kabla ya maswali matatu. Imeanza lini? Kabla haijaanza kulifanyika nini? Na jirani yako, redio yake vipi? Hilo la tatu tulilicheka tukiwa watoto. Alikuwa anatafuta kama tatizo liko kwenye redio, kwenye umeme wa mtaa au kwenye kituo chenyewe. Mrushie yule mzee simu tatu za Jumanne, bila kujua Android ni nini, angesema, "Hii si ya simu, wanangu, hii inatoka huko inakotoka." Sitaki kumfanya malaika, redio ya baba ilikaa kwake wiki tano kwa "njoo kesho". Lakini ilirudi ikiwa na kila kilichokuwemo.

Hata mafundi wa enzi za Nokia 3310, walioanza na mswaki na spiriti, walikuwa na adabu moja: kabla ya kuflashi waliuliza, "Namba ziko kwenye laini au kwenye simu?" Wakaziandika kwenye karatasi, moja moja, ikibidi mia moja.



Turudi kwa fundi wetu: baada ya reseti likaja ambalo wengine mliondoka kabla hamjaliona. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa batani badala ya kupitia Mipangilio, inajifunga na kudai akaunti ya Google iliyokuwemo, ili mwizi asinufaike. Kama angepita Mipangilio, akamwomba mama namba yake ya siri, kufuli hilo lisingekuwepo. Fundi wa miaka sita mezani analijua hili, na kama halijui lilimkumbusha pale pale. Simu ikawaka kwa lugha ya kiwandani, ikasalimia, ikaomba barua pepe.

"Mama, email yako ni ipi?"

"Email? Si ile aliyoniwekea kijana wa dukani nilikoinunua, mwanangu."

Kijana huyo ameshahama duka. Fundi akaunganisha simu kwenye kompyuta, akafungua programu ya kuvunja kufuli, akamwambia mama akanywe chai arudi saa saba. Alimtoza shilingi 10,000 kwa kufuta, na 15,000 nyingine kwa kufungua. Mama alilipa zote mbili, akamshukuru.