Mahindi mengi, mbolea hakuna: juu ya rapoti ya shule zetu



Mwisho wa mwaka wa masomo nilikaa ku kiti cha plastiki, katikati ya wazazi na madirektere, nikasikiliza rapoti ya sous-division yetu, hapa kando ya Lubumbashi. Jina lake ninaliacha, juu rapoti za namna hii zinafanana. Ilikuwa na vichwa vitatu: programu, ukuaji, na feza. Ukuaji ulisomwa polepole: shule mpya, madarasa mapya, walimu wapya. Watu wakapiga makofi. Feza ilipita mbio: "hali ni ngumu, lakini tunasonga mbele."

Mimi sikupiga makofi. Katika ile hesabu ya walimu wapya nilikuwamo na mimi. Nilifundisha darasa la tatu mwaka mzima, na licence yangu ya agronomia, nikiwa NU, "unité mpya", ndio kusema mwalimu anayefanya kazi lakini hayuko bado ku listi ya malipo. Kila mwezi niliuliza; kila mwezi nikajibiwa "inakuja". Mwaka ukaisha, nikaondoka. Kwa rapoti, mimi ni ukuaji. Kwa mama yangu, nilikuwa mtoto mkubwa anayerudi nyumbani na chaki ku vidole, bila hata likuta moja.

Nisieleweke vibaya. Kuna wenzetu wanaosema elimu ya bure imeshindwa, heri turudilie prime. Mimi siko upande huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio walibeba mzigo, na mzigo ukakaa ku mabega yao karibu miaka 30. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure. Lakini mimi nilisoma baada ya Katiba ile na bado nilifukuzwa darasani juu ya prime, nikasimama inje ku jua na wenzangu, tukisikia somo kwa dirisha. Watoto waliorudi ku masomo tangu Septemba 2019, Rais Tshisekedi alipoanzisha gratuité, walikuwa na haki ya kurudi. Kosa si lao. Swali ni hili: tumewapokea na nini?

Hapo njo rapoti inanyamaza. Zamani feza ya mzazi ilipanda ngazi: sehemu kwa mwalimu, sehemu kwa shule, sehemu ku biro za juu. Kwa hiyo kufungua shule mpya ilikuwa pia kufungua mlango mpya wa feza. 2019 mlango wa mzazi ukafungwa, lakini tabia ya kufungua shule ikabaki. Sasa mshahara unafuata jina la mwalimu ku listi ya SECOPE, ile inaitwa siku hizi DINACOPE. Haufuati mtoto. Darasa langu lilikuwa na watoto 94. Kama wangekuwa 50, jina langu lingekosa ku listi vile vile. Nilipolalamika, mama direktere, ambaye alikuwa mtu mwema, alinijibu: "Batoto bako bengi, mwalimu, utafanya namna gani?"

Wenzangu wa agronomia watanielewa. Mahindi tunayapanda sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mimea, ndio kusema mimea 53.000 hivi kwa hekta. Ukipanda mara mbili ya hapo bila kuongeza mbolea, shamba litakuwa kijani sana. Mtu anayepita barabarani atasema: shamba nzuri! Siku ya kuvuna, utapata mabua membamba na masuke madogo. Shamba halipimwi kwa majani. Tunangoja gunia. Rapoti yetu imehesabu majani. Haikusema ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma mistari mitano bila kusaidiwa. Katika darasa langu niliwajua kwa majina, na hawakujaza benchi tatu.

Kwa upande wa programu, rapoti ilisifu sana bustani ya shule, eti "itasaidia shule kujitegemea". Hapa ninasema kama mtu wa kazi hiyo. Lenga-lenga inavunwa baada ya wiki tatu au ine, ni kweli. Lakini masomo yanaanza Septemba, na kwetu mvua ya kweli inangoja Novemba. Kati ya hapo nani anamwagilia? Watoto, na bidoni ku kichwa, saa ya hesabu. Na bustani ya mita 10 kwa 20 haiwezi kubeba mahitaji yote ya shule mwaka mzima, hata ikitunzwa na profesa. Bustani ni somo zuri. Tusiifanye kuwa bajeti.

Mtu ataniambia feza inatoka Kinshasa, sous-division haina kosa. Nusu ni kweli. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia elimu hii ya bure. Mimi siwezi kufuata dola hizo toka huko mpaka ku ubao wangu. Lakini kuna vitu ambavyo havihitaji Kinshasa. Mwaka ule mzazi alilipa "karatasi za mtihani", "mlinzi", "mchango wa chaki". Hizo zote ni prime iliyobadilisha nguo. Hakuna hata moja iliyoandikwa ku rapoti, na kila mtu mule ndani alikuwa ameilipa au ameipokea. Hata mimi: mara mbili nilipewa bahasha ya "transport", na nilijua imetoka wapi. Nilikuwa na njaa, nikaipokea.

Njo maana sitaki tuishie ku kulalamika. Wengi wetu tuna leki au mtoto ku shule hizi, tuna haki ya kukaa ku mkutano wa wazazi. Tuombe karatasi moja ibandikwe ku mlango wa kila shule, kila muhula, na mambo matatu: watoto wangapi kwa kila darasa, walimu wangapi wanalipwa na wangapi hawalipwi, feza gani imeingia, kutoka kwa serikali ao kwa mzazi, na imefanya nini. Haihitaji mradi wala semina. Inahitaji mtu anayejua kuhesabu, asiyeogopa kuuliza mbele ya watu.

Mkutano mwingine ni Septemba. Safari hii nitasimama. Nikisimama peke yangu, watasema ni yule NU aliyekimbia. Tukiwa watano, watalazimika kusoma ukurasa wa feza polepole.