Kongwa: Hata Matrekta Yote Yangewaka

Mpango wa Karanga wa Kongwa umezoeleka kusimuliwa kama kisa cha matrekta. Serikali ya Uingereza ilileta mashine chakavu, mafundi walikuwa wachache, vipuri vikakwama Dar es Salaam, na pori la Dodoma likashinda. Kisa hicho ni cha kweli. Lakini mwanafunzi wa usimamizi wa kimkakati katika miradi na programu akiishia hapo, atakuwa ameliacha somo lenyewe. Ninachotaka ajiulize ni hiki: tuseme matrekta yote yangewaka kila asubuhi, vipuri vingefika kwa wakati, na ekari zote za mwaka wa kwanza zingelimwa kama ratiba ilivyotaka. Je, mpango ungefanikiwa? Mimi nasema usingefanikiwa. Fedha nyingi zaidi zingepotea, tena kwa muda mfupi zaidi.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgao. Mafuta ya kupikia na majarini yalikuwa haba, India iliyokuwa ikiuza mbegu za mafuta ilikuwa inabaki nazo kwa matumizi yake, na dola za kununulia kwingine hazikutosha. Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipita Tanganyika mwaka huo akarudi London na wazo la kulima karanga kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Walifanya kazi kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoipendekeza waliiona kutoka kwenye ndege.

Andiko walilorudi nalo lingemfurahisha mkaguzi yeyote wa mafaili. Ekari 3,210,000. Vitengo 107, kila kimoja ekari 30,000: Tanganyika 80, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, 17, na Kenya 10. Gharama paundi milioni 24 kwa miaka sita. Mavuno tani 600,000 kwa mwaka ifikapo 1950/51. Kila kitu kina namba yake na kila namba inajumlishika. Kilichokosekana ni shamba. Katika eneo lote lile hapakuwa na kitengo hata kimoja cha ekari 30,000 za karanga kilichowahi kulimwa kwa mashine, ambacho mtu angekwenda kukiangalia. Upembuzi yakinifu ulikuwa umefanya hesabu ya kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuwepo, kisha ukakizidisha mara 107.

Hapa ndipo usimamizi wa kimkakati unapotengana na usimamizi wa mradi, na ndipo madarasa yetu mengi yanapopita haraka. Wanafunzi hufundishwa kuchora jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, kisha wanaingia kwenye ratiba na bajeti. Katikati ya hatua hizo mbili kuna kazi ngumu zaidi: kuzichambua dhana ambazo mkakati umezisimamia, na kuzipanga kwa kuuliza ipi ikivunjika inavunja zote, na ipi inaweza kupimwa kwa gharama ndogo. Kongwa ilisimama juu ya dhana kadhaa. Kwamba udongo unafaa. Kwamba mvua inatosha na inakuja kwa wakati. Kwamba pori linafyekeka kwa mashine zilizopo, mizigo itapita relini na bandarini, na vibarua watapatikana. Dhana za mashine, mizigo na vibarua zinaweza kunusurika kwa kuongeza fedha. Mbili za kwanza haziwezi. Mvua hainunuliki.

Kwa hiyo zile mbili ndizo zilizopaswa kupimwa kwanza, na kwa bahati ndizo zilizokuwa rahisi kupima: ekari mia chache na misimu miwili. Badala yake mpango ulianza na mashine. Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mapema mwaka 1947, na fedha zikaanza kutiririka kwenye matrekta, kambi na karakana wakati swali la udongo likiwa bado halijajibiwa.

Tuuangalie huo udongo kwa karibu, maana kila kitu kiko humo. Karanga si alizeti. Ua lake likishachavushwa hushusha kijiti kuelekea chini, kijiti huingia ardhini, na ganda hukua humo humo. Mvunaji wa karanga ni mtu anayechimba. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, ambao baada ya mvua hukauka na kuwa mgumu kama saruji, na tena umechanganyika na chembe kali za mchanga zinazokula jembe. Udongo wa namna hiyo unampiga mkulima mara mbili: wakati wa kung'oa mizizi ya pori, na tena wakati wa kutoa karanga. Pigo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linakuja baada ya gharama zote kulipwa. Shamba limefyekwa, limelimwa, limepandwa, limepaliliwa, na zao liko pale chini, halitoki. Ujumbe wa Wakefield uliliona shamba la mlowezi mmoja jirani na Kongwa lililokuwa na karanga nzuri, na shamba hilo likawa ushahidi wa maelfu ya ekari.

Ushahidi mwingine ulikuwepo, ila haukuandikwa kwa namna ambayo ujumbe ulizoea kusoma. Wagogo, wenyeji wa eneo hilo kame, wanaishi hapo tangu zamani, na kilimo chao ni cha mtama na uwele, pamoja na ng'ombe. Njaa ya Mtunya iliyowaua wengi mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa bado hai vichwani mwa wazee mwaka 1946. Mtu akichagua uwele kizazi baada ya kizazi, amekuachia kumbukumbu ya mvua ndefu kuliko daftari la kituo chochote cha hali ya hewa. Tunapowafundisha vijana kuhusu kushirikisha wadau, tunalifanya jambo hilo lionekane kama adabu ya kuomba ridhaa ya wenyeji. Kongwa inaonyesha faida nyingine iliyo ngumu zaidi: mwenyeji ana data.

Mashine nitazipitia kwa ufupi, kwa sababu zimeshasimuliwa sana. Nyingi zilikuwa mabaki ya jeshi, zikiwemo zilizotoka Ufilipino. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili za matrekta zilikuwa zimelala. Mafundi hawakukosa ubunifu: walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya tingatinga mbili, zikaenda sambamba, miti iliyo katikati ikalala. Mizizi ikabaki. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Sasa tazama wakubwa walivyoisoma namba hiyo. Waliisoma kama kuchelewa. Bungeni London swali lilikuwa ekari ngapi zimefyekwa, na Waziri wa Chakula John Strachey alipaswa kulijibu, kwa hiyo ekari ndizo zilizoshuka kama amri hadi kwa msimamizi wa shamba. Ekari inaonekana, inahesabika, inapigwa picha. Lakini mama wa nyumbani wa Leeds hakuhitaji ekari, alihitaji mafuta. Kiashiria kikishahama kutoka kwenye shida iliyoanzisha mpango kwenda kwenye kazi inayofanyika, kila mtu anaweza kujituma kwa moyo wote huku programu nzima ikienda kusikotakiwa. Ndiyo maana nasema matrekta mazima yangeongeza hasara. Kuharibika kwake kulipunguza kasi ya kuzika fedha kwenye mfinyanzi. Ekari 150,000 zilizofyekwa kwa wakati, kwenye udongo ule, na ukame uliofuata, zingekuwa karanga nyingi zaidi zilizonyauka au kubaki ardhini.

Tunapozungumzia shida iliyoanzisha mpango, kuna jambo ambalo huniumiza kila ninapolisoma. Katika miaka hiyo hiyo, Kano, kaskazini mwa Nijeria, kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya tani za karanga zilizokwisha vunwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, zimejazwa kwenye magunia na kupangwa kama piramidi, zikisubiri treni. Vichwa vya treni havikutosha kuzifikisha bandarini. United Africa Company yenyewe ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karanga hizo. Mkakati unaouliza namna ya kupata mafuta mengi haraka ungeanza pale, kwa kununua vichwa vya treni. Mkakati unaouliza namna ya kulima karanga kwa mashine haukuweza kuiona Kano hata kidogo, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaingizwa ndani ya swali. Uchambuzi wa njia mbadala, ile sura ya andiko la mradi ambayo wengi huijaza kwa aya mbili ili wafike kwenye bajeti, ulikuwa na thamani ya mamilioni ya paundi.

Upande wa utawala mpango ulikuwa umejifunga zaidi. Ulikuwa chini ya Wizara ya Chakula, wizara iliyojua mgao wa siagi kuliko kilimo cha Afrika, wakati Wizara ya Makoloni ilikaa pembeni. United Africa Company ilisimamia kazi kama wakala hadi mwaka 1948, ndipo likaja shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Kwenye bodi yake waliketi Wakefield na John Rosa, mwenzake wa ule ujumbe wa wiki tisa. Sidai kwamba watu hao hawakuwa waaminifu. Nadai kwamba walioandika dhana hawafai kuwa waamuzi wa kama dhana hizo bado ziko hai. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walishindwa kuzithibitisha hesabu za shirika kwa sababu kumbukumbu zake hazikutosha. Kwa lugha ya ukaguzi ya Tanzania ya leo, walishindwa kutoa maoni. Novemba mwaka huo Wakefield na Rosa waliondolewa kwenye bodi. Hesabu za fedha zilipata mkaguzi wa nje, japo kwa kuchelewa. Mkakati haukuwahi kuwa naye.

Kisha kuna kusini. Programu ni miradi inayotegemeana, na Nachingwea, eneo jingine la mpango huo, ndiyo inayofundisha utegemezi huo vizuri kuliko Kongwa. Shamba la Nachingwea lilihitaji reli, reli ilihitaji bandari, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara. Ukubwa wa vyote viwili ulipimwa kwa tani za karanga ambazo hakuna aliyekuwa amezivuna. Kwa mantiki, mavuno ndiyo yanayotoa sababu ya reli. Kwenye ratiba vyote viliwekwa viende pamoja kwa sababu ya haraka. Bandari ilifunguliwa 1954, mpango ukiwa umeshakufa, na reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisha ikang'olewa. Leo korosho hupita Mtwara, na wapo wanaotaka kuihesabu bandari hiyo kama faida ya mpango. Siwakubalii. Faida ambayo haikuwa kwenye lengo, haikusimamiwa, na ilikuja kwa sababu watu wengine walitafuta matumizi mapya, ni yao hao wengine.

Mtetezi wa mpango ana hoja moja nzito, na inafaa ijibiwe kwa heshima. Watu walikuwa na shida ya chakula. Kukaa misimu miwili ukichezea mashamba ya majaribio kungeonekana ukatili. Gharama ya kusubiri ni gharama halisi, na mtaalamu wa mkakati anayeisahau hafai. Lakini piga hesabu. Majaribio yaliyoanza msimu wa 1947 yangetoa jibu kufikia 1949. Mwaka huo huo wa 1949 wakubwa wenyewe walikuwa wameshashusha lengo hadi ekari 600,000, na ukame ulikuwa umepita shambani. Mavuno ya msimu wa pili yalikuwa kama tani 2,000, na hadi mwisho karanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu zilizidi zilizovunwa. Haraka haikununua hata mwezi mmoja.

Ningekuwa na darasa la wanafunzi wa shahada ya uzamili, nisingewapa kisa hiki kizima. Ningewapa andiko la Wakefield peke yake, na kuwaambia ni Desemba 1946, fedha hazijatoka. Wasiniletee ratiba. Waniletee karatasi moja yenye dhana tatu ambazo zikivunjika hakuna kinachobaki, jaribio la kila moja, gharama yake, tarehe ya jibu, jina la ofisi itakayopokea jibu hilo bila kuwa imeandika andiko, na kiwango cha mavuno kwa ekari ambacho chini yake mpango unasimamishwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachowatoa jasho, kwa sababu maandiko mengi ya miradi ninayoyaona yana sura ya vihatarishi lakini hayana namba ya kusimamishia mpango. Kila kihatarishi kimepewa mtu wa kukifuatilia. Hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema basi.

Januari 1951 serikali ilisema basi. Paundi milioni 36 zilifutwa kwenye vitabu. Kilichobaki cha mpango kilihamishiwa Wizara ya Makoloni, kikapunguzwa, na kikapewa kazi mpya kwa maandishi: kufanya majaribio ya kujua kama kufyeka pori na kulima kwa mashine kunalipa katika Tanganyika.